Simba Bila Msalaba

Stanleyville, Kabondo
12 Juni 1960

Mwanangu Zaina,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi tu wazima, ila goti langu la kushoto, ambalo halijapata habari kwamba dipanda, uhuru wetu, inakuja, linaendelea kunitawala kama zamani. Wewe hujambo? Mume wako hajambo? Na dada yangu Madina, bado anagombana na majirani wote wa Ujiji, au amebakiza mmoja wa akiba?

Barua yako ilifika Ijumaa. Mama yako hakutaka nimsomee mimi, eti naruka maneno ya huzuni. Akamwita jirani yetu Félicien, karani wa ofisi ya commune, yule tonton wako, mjomba wa ujirani, aliyekufundisha kusoma pale barazani shule ya mapadri ilipokukataa. Félicien alisoma kila neno, hata pale ulipoandika kwamba unalia ukikumbuka lituma ya mama, zile ndizi zake za kuponda. Basi mama yako naye akalia, lituma ikaungua, tukala mikate ya jana. Siku nyingine angalia unachoandika.

Sasa nikupe habari. Tarehe 30 bendera ya Wabelgiji itashuka, na sisi askari wa zamani tumeambiwa tupite mbele ya watu, kila mmoja na medali yake kifuani. Yangu unaijua, uliichezea ulipokuwa mtoto. Ni msalaba, na katikati yake pana duara lenye simba mdogo aliyesimama kwa miguu miwili. Nilipewa kwa jina la mfalme wa Wabelgiji baada ya vita ya Saio, kule Uhabeshi, tulipopigana na Waitaliano. Watu wa hapa wanasimulia kwamba nilibaki peke yangu na ile bunduki kubwa wakati wenzangu wote wamerudi nyuma. Ni kweli nilibaki. Lakini wewe na mama yako mnajua kwamba buti zangu zilikuwa zimenasa kwenye matope. Ningepata miguu ningewapita wote! Asubuhi komanda akanikuta bado napiga, akasema huyu mtu wa Ujiji ni simba. Tangu hapo jina likanikaa. Kabondo nzima ni Papa Simba huku, Papa Simba kule. Hata Félicien, mtu wa vitabu, akinipita asubuhi ananisalimu hivyo.

Shida ni msalaba. Mimi Hemedi, niliyesomeshwa juzuu na baba yangu, nipite mbele ya msikiti mzima na msalaba kifuani? Miaka yote hii nimeuweka ndani ya kopo la majani ya chai. Juzi nikaupeleka sokoni kwa Waziri, fundi wa masufuria, nikamwambia: "Waziri, kata mikono yote. Unibakizie simba peke yake."

Akakata, akapiga tupa pembeni, akatoboa tundu, akamrudisha simba kwenye utepe wake. Ile mikono ameitia kwenye vipini vya masufuria. Mwalimu wa msikiti ameangalia, amecheka, amesema hakuna dini inayomwabudu simba, vaa.

Mama yako hajacheka. Yeye ni mtoto wa Wagenya, wajomba zake wote wa pale maporomokoni wanakwenda misa. Amesema: "Hemedi, kitu ya mufalme, ukikata, iko na maneno." Nimemwambia mfalme mwenyewe anafunga mizigo, atanidai nini?

Tusalimie wote.

Papa yako,
Hemedi


Ujiji
9 Agosti 1960

Kwa Papa yangu mpendwa,

Shikamoo. (Huku usipotoa shikamoo hupewi hata maji, nimeshazoea.) Sisi ni wazima, sijui ninyi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi: sijui ninyi.

Papa, tangu ile barua ya dipanda sijapata hata mstari mmoja. Hapa Kigoma Wazungu wanashuka melini na watoto, na mbwa, na masanduku yaliyofungwa kwa kamba za nguo. Wanasema askari wa Kongo wamewageuka maofisa wao. Mimi nawatazama na kujiuliza: kama wenye nchi wanakimbia hivi, wale waliovaa medali zao watabaki salama kweli?

Shangazi Madina anasema uje. Anasema nyumba ya babu ipo, chumba cha uani kina paa zima, na Mkongo wa Ujiji ni Mjiji tu. Njoo na mama. Kama huji, andika. Hata neno moja kwamba u mzima litanitosha.

Binti yako,
Zaina


Stanleyville
2 Machi 1961

Mwanangu Zaina,

Salamu nyingi. Tu wazima, mama yako hajambo, goti halijambo kuliko mimi. Nisamehe kwa kimya. Nilikuandikia mara mbili, naona barua zimepotea njiani pamoja na posta yenyewe.

Usiogope. Medali niliivaa siku moja tu. Watu walipiga makofi, watoto wakaimba Papa Simba, nikarudi nyumbani nikaitia koponi. Baada ya ile habari mbaya ya mwezi uliopita, kwamba kiongozi wetu ameuawa, mji mzima umelia, na vijana wenye hasira wamepiga watu kwa sababu ya picha ya mfalme ukutani. Bon, mimi sina picha ukutani. Nina kopo la chai juu ya kabati, na hakuna anayelitazama ila mama yako akitafuta sukari.

Na habari ya kuja Ujiji: mwanangu, niliondoka huko ndevu hazijaota. Hapa ndipo nilipoandikishwa jeshi, hapa nikaoa, hapa nimezika ndugu zako wawili. Hapa wananiita mtu wa Ujiji, huko mnaniita Mkongo. Donc nikihama nitakuwa mgeni upya, kwa goti hili. Niache nifie ugeni niliouzoea.

Wala usinune.

Papa yako,
Hemedi


Ujiji
26 Julai 1964

Kwa Papa yangu,

Shikamoo. Wewe na mama hamjambo? Wajukuu zako wawili hawajambo, mkubwa ana kikohozi kidogo.

Niliapa sitakuandikia tena mpaka ukubali kuja. Tangu uliponikatalia tena mwaka jana nimekaa na kiapo hicho, na leo nakivunja, kwa sababu naogopa.

Watu wanavuka ziwa kila siku. Wanasema waasi wamechukua Uvira, wakachukua Albertville, sasa Kindu. Kindu, Papa! Kutoka hapo hadi kwenu ni kushuka mto tu. Wanajiita Simba. Wanapakwa dawa na kuambiwa risasi itageuka maji. Wanawatafuta wote waliokula na Wabelgiji: makarani, wenye tai, wenye karatasi za Kifaransa. Mama mmoja wa Albertville amepanga nyumba ya pili na yetu. Mume wake waliona kalamu mfukoni mwa shati. Kalamu tu.

Na wewe una medali. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami naona walikuwa wanakusema wewe. Papa, itupe mtoni. Usiizike, watachimba. Usimpe mtu. Nenda nayo mtoni, iache iende. Na umwambie tonton Félicien atoe kalamu mfukoni, anicheke lakini aitoe.

Nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu.

Binti yako,
Zaina


Stanleyville
22 Agosti 1964

Mwanangu Zaina,

Salamu. Tu hai. Posta imefungwa. Barua hii anaichukua Jafari, yule muuza vitambaa. Anapita Banalia hadi mpaka wa Uganda, ataitia posta Arua. Wewe nijibu kwa jina lake hukohuko Arua.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilisema kesho nitakwenda mtoni. Kesho yake waliingia. Askari wa serikali walivua magwanda njiani, wengine walipita uani kwetu wakiomba suruali za raia. Nikafungia mlango.

Siku ya tatu vijana watatu walifika nyumbani, majani yamefungwa mikononi, mkubwa wao na ngozi ya nyani kichwani.

"Hapa iko mutu ya Wabelge?"

Mama yako akasimama mlangoni. "Hapa iko muzee mugonjwa ya goti."

Wakamsukuma, wakaingia. Nikasikia masanduku, nikasikia kabati, nikasikia kifuniko cha kopo. Zaina, nilisoma shahada kimoyomoyo, nikamtazama mama yako, nikaona naye anaitembeza midomo, sijui kwa dini ipi.

"Hii iko nini?"

Mkubwa wao akaitoa nje, akaigeuza juani, akapiga kelele hata kuku wakaruka: "Muone! Simba! Muzee iko na simba!"

Wakanizunguka. "Papa, ulipata hii wapi?"

"Mu vita."

"Vita gani?"

"Vita ya zamani. Ninyi hamukuzaliwa."

"Na risasi haikukukamata?"

"Haikunikamata."

Wakatazamana. Hapo mwanamke mmoja wa jirani, aliyekuja kuona ninavyokufa, akasema pale ugani: "Huyu muzee, sisi wote tunamuita Simba tangu zamani." Basi, yakaisha. Walinipigia saluti, mwanangu. Wangeukuta msalaba mzima wangejua mara moja ni kazi ya Wabelgiji, maana watoto hawa wamesoma misheni. Lakini walikuta simba peke yake. Sikusema uongo hata mmoja, nilinyamaza tu.

Wakanipeleka kwa komanda wao, naye akanipa kiti. Sasa mimi ni muzee wa dawa. Wameniwekea mlinzi mlangoni, eti wa heshima. Na sheria yao ni kwamba mwenye dawa haguswi na mwanamke, wala hapokei kitu mkononi mwake, dawa itakufa. Mama yako anaweka sahani kizingitini, anarudi nyuma, ndipo naichukua. Jana alicheka kwa jambo hilo, akasema ananilisha kama mbwa wa jirani. Mimi sikuweza kucheka. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Naogopa, Zaina. Nakuambia wewe kwa sababu hapa siwezi hata kuionyesha hofu usoni.

Papa yako,
Hemedi


Ujiji
17 Septemba 1964

Kwa Papa yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, mara ya tatu mume wangu akaninyang'anya.

Sijui nishukuru au nikugombeze. Nashukuru u hai. Lakini Papa, umekaa juu ya kiti cha watu wengine, na siku watakapokuuliza kitu ambacho muzee wa dawa lazima akijue, utajibu nini? Utawaambia habari za buti? Na jeshi likirudi, nani atakayekumbuka kwamba ulinyamaza tu? Waasi watakuua kwa kuwa Mbelgiji, jeshi litakuua kwa kuwa Simba. Na wewe si huyu wala yule, wewe ni Papa yangu tu!

Ondoka na Jafari. Sema unakwenda kutafuta dawa Banalia, sema lolote. Shangazi Madina ameshatandika kitanda chumba cha uani. Wiki hii hajagombana na mtu yeyote, ndipo ujue hali ilivyo.

Mama apande lori nyuma, wewe mbele, msijuane njiani mpaka mvuke.

Binti yako,
Zaina


Stanleyville
20 Oktoba 1964

Mwanangu Zaina,

Salamu kwa wote. Mama yako hajambo. Mimi nimekonda kidogo.

Nilikusikiliza. Mara hii nilikusikiliza. Jafari alikuwa tayari, lori limejazwa mchele, nimeshamdanganya komanda habari ya mizizi ya Banalia, ameshakubali. Siku ile ile wakamchukua Félicien.

Unajua wanavyofanya. Wanawapeleka watu mjini mbele ya sanamu ya kiongozi wetu aliyeuawa, wanauliza umati: huyu mtu ni mzuri au mbaya? Umati ukipiga kelele kwamba ni mbaya, imekwisha. Nilivaa simba wangu, nikapita katikati ya watu, wakanipisha. Félicien alikuwa na shati moja tu, miwani imevunjika, ananitazama kama hanijui. Nikamwambia komanda: "Huyu karani iko wangu. Ni yeye anaandikaka kombe yangu. Mukimuua, dawa yangu inakufa."

Wazia, Zaina! Félicien, mtoto wa mapadri, aandike aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, nizioshe ninywe! Hajui hata alifu. Waislamu wa Kabondo walikuwamo kwenye umati, walimjua vizuri, na hakuna aliyefungua mdomo. Mungu awalipe.

Wakamwachia. Lakini komanda si mjinga. Alisema: "Bon, muzee. Akikimbia yeye, tutakuuliza wewe. Ukikosekana wewe, tutamuuliza yeye." Lori la Jafari likaondoka bila sisi. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Sasa nikuambie lililo baya zaidi. Wakipeleka wapiganaji vitani wananisimamisha mbele yao. Kila mmoja anapita, anamgusa simba kifuani mwangu kwa kidole kimoja, halafu anapanda lori. Wengi ni watoto wa mtaa wa Mangobo, baba zao nawajua, nimekula harusi zao. Wanagusa, wanacheka, wanakwenda, hawarudi. Nami nasimama pale kama nguzo. Kule Saio niliogopa risasi. Hapa naogopa vile vidole.

Kwa hiyo usiniambie tena niondoke. Félicien anaishi kwa jina langu, na ana watoto watano. Jeshi likirudi nitajieleza mwenyewe kwa Lingala ya kambini, askari kwa askari. Na Félicien atakuwa shahidi wangu. Yeye ana maneno, anajua kusema na wakubwa. Ameniapia kwamba hawatanigusa kabla hajazungumza.

Tulia, mwanangu.

Papa yako,
Hemedi


Ujiji
12 Novemba 1964

Kwa Papa yangu,

Shikamoo. Nimelia, halafu nikaona aibu, maana nilikuwa nalia kwa hasira kwamba umemwokoa tonton. Usimwambie. Mwambie namshukuru kwa kila herufi aliyonifundisha, na siku hiyo ikifika atangulie mbele yako, apaze sauti, asingoje aulizwe.

Sitakuambia uondoke. Nakuambia tu kula.

Binti yako,
Zaina


Ujiji
29 Novemba 1964

Papa,

Redio inasema Wazungu wameshuka kwa miavuli Stanleyville, na jeshi limeingia nyuma yao. Inahesabu Wazungu waliokufa na waliopona. Watu wa Kabondo haiwataji.

Nimetuma barua hii kwa posta, na nyingine kwa Jafari, na nyingine kwa padri mmoja wa Kigoma. Mmoja wao atakupata. Kama huwezi kuandika, weka alama yoyote kwenye karatasi, nitaielewa.

Zaina


Ujiji
10 Januari 1965

Papa,

Hujambo? Mama hajambo? Tonton Félicien hajambo?

Mmoja wenu anijibu.

Zaina


Stanleyville, Kabondo
21 Februari 1965

Mwanangu Zaina,

Mimi ni mama yako. Unajua siwezi kuandika. Anayeshika kalamu ni Félicien, na nimemwambia aandike kila neno kama ninavyolitoa, asiongeze, asipunguze, hata likimchoma. Barua zako zote zimefika pamoja juzi, posta ilipofunguliwa. Pole kwa kungoja. Wewe hujambo? Watoto hawajambo? Mimi nakula, nalala kidogo.

Papa yako amekufa. Nimelisema hapa juu ili usilitafute chini ya barua.

Siku moja baada ya ndege, askari walipita nyumba kwa nyumba. Simba wote walikuwa wamekimbia, na mlinzi wetu wa heshima alikuwa wa kwanza. Papa yako hakutaka kujificha. Alisema mtu akijificha ameshajibu. Wakamtoa uani pamoja na wanaume wa mtaa wetu, wakawapanga ukutani. Alikuwako koplo mmoja wa jeshi, na Mzungu mmoja wa kukodiwa, kijana, mwenye ndevu nyekundu. Sijui ametoka nchi gani.

Papa yako akawaonyesha simba wake mwenyewe, hakungoja wamkute naye. Akamwambia koplo kwa Lingala ya kambini: "Nazalaki soda. Médaille oyo ya Saio," nilikuwa askari, medali hii ni ya Saio. Koplo hakuamini, simba gani huyu wa duara. Akamjaribu, akamwita kama wanavyoita askari kwenye gwaride. Papa yako akasimama wima na goti lake, akageuka kulia, akageuka kushoto, akapiga saluti ya zamani. Koplo akacheka. Kicheko kizuri, cha mtu aliyemwona babu yake. Akasema, "Mobange, vanda," mzee, kaa. Papa yako akakaa juu ya kinu changu. Nikashusha pumzi. Koplo akamgeukia Mzungu kumweleza.

Ndipo Félicien akaja. Alikuwa amesikia kwamba papa yako amechukuliwa, akatoka mbio nyumbani kwake bila viatu, akaingia ugani anahema na kulia. Alikuwa na Kifaransa chake chote alichokitayarisha kwa wiki nyingi, nilimsikia akijifunza. Lakini alipomwona papa yako mbele ya bunduki Kifaransa kikamwishia. Akapaza sauti kwa lugha yetu ya nyumbani:

"Musimuue! Papa huyu iko simba! Aliniokoa mimi! Iko simba ya kweli!"

Hapa kalamu imesimama. Nimemwambia aendelee.

Alitaka kusema ni shujaa. Ndivyo tulivyosema hapa Kabondo tangu hujazaliwa, na mtu yeyote wa Kabondo angemwelewa. Lakini yule Mzungu hakujua neno letu hata moja ila hilo. Akauliza, "Simba?" akamwelekeza papa yako kwa mdomo wa bunduki. Félicien akaelewa palepale. Akaanza Kifaransa, akaanza Lingala, akapiga magoti. Koplo naye akasema, akasema tena. Mzungu alikuwa ameshasikia alichokitaka. Simba wa papa yako akamtia mfukoni mwake, akaita lori.

Nilimshika papa yako mkono. Tangu Agosti sikuwa nimemgusa. Ulikuwa umebaki mifupa. Akaniita kwa jina langu, "Safi, ambia Félicien anyamaze, watamukamata na yeye." Ndilo neno lake la mwisho, hakuniachia jingine la kwangu. Kwa hilo bado nina hasira naye, na nitakuwa nayo.

Wajomba zangu Wagenya walimwona mtoni, juu ya maporomoko, pamoja na wengine. Wakamtoa, wakamleta kwa mtumbwi. Waziri na mwalimu wa msikiti walimwosha. Hitima imesomwa. Wajomba walikuja na rozari zao, wakakaa nyuma, hakuna aliyewafukuza.

Hukupata barua mapema kwa sababu mtaa mzima anayejua kuandika vizuri ni mmoja, na sikutaka kumwona. Alikuja kila asubuhi, akafagia ugani kwangu, akaondoka. Leo nimemwita aingie.

Usije sasa, barabara ni mbaya. Mwambie Madina asile chumvi nyingi. Wafundishe watoto kuandika.

Félicien anaomba aongeze neno lake la pole hapa chini ya langu. Nimempa chai, kwa sababu yumo nyumbani mwangu na analia hata karatasi inalowa. Lakini nimemkatalia. Yeye alishasema.

Mama yako,
Safi